Kutembea Himo kwa Gari la Baba

Jani la tumbaku likisuguliwa kwenye kioo kilicholowa hutoa harufu kali yenye utamu kwa mbali, na mimi hadi leo nikiisikia naiona mvua ya njiani pale Maktau. Gari la baba lilikuwa kuukuu hata wakati ule. Msimamizi wa shamba la mkonge aliliacha alipokwenda kwao, baba akalichukua, sisi tukaliita Mghosi, ndiyo kusema mzee kwa Kidawida. Vifutio vya kioo vilikuwa vimekufa, kwa hivyo baba alipaka tumbaku ili maji yateleze. Mimi niliishia darasa la tatu, msiniulize kwa nini yanateleza. Yaliteleza.

Dada yangu Wakesho alikuwa ametoroka na kijana wa Himo, ng'ambo ya mpaka, na baba akaapa hatamtia machoni tena. Masika yale mwuza vitunguu akatuletea habari: Wakesho amejifungua salama, lakini hainuki kitandani, wala chakula hakimpiti. Kwetu milimani watu walijua maana yake. Hasira ya mzazi humlemea mtoto popote alipo, na dawa yake ni kutasa: mwenye hasira mwenyewe anajaza kinywa mbangara, ile pombe yetu ya miwa, anairusha kama umande na kusema hasira iondoke. Huwezi kumtuma mtu. Mama hakumwomba baba. Alijaza kibuyu tu, akakiweka mlangoni, pale pa kukanyagwa.

Asubuhi baba akakiokota. "Nataka kulijaribu hili gari," akasema. "Twende tukatembee nchi ya watu."

"Na mvua hii, Baba Wakesho?" Mama alikuwa ameshajifunga leso.

"Kwani watalii huchagua mvua?"

Basi njia nzima alikuwa mtalii. Alitunyooshea kidole Kilimanjaro, na mbele yetu hakuna kitu ila wingu jeusi. Paa la Mghosi lilikuwa la turubai, lilivuja kama chujio, mama akapakata sufuria kukinga matone. Sufuria yenyewe ilikuwa ya arusi yake, nzito, si hizi za siku hizi zinazobonyea ukizitazama. Nilikuwa wapi? Maktau. Tulipoipita kidogo, gari likatumbukia shimoni, kibuyu kikaruka, kikapasuka miguuni pangu. Harufu ya mbangara ikajaa. Baba akazima injini.

"Tunarudi. Mungu amekataa."

"Mungu amevunja kibuyu," mama akasema polepole. "Kinywa chako hajakivunja."

Mvua ilipiga turubai. Kisha baba akashuka, tukasukuma wote matopeni. Mpakani askari alipouliza tunakwenda wapi, baba akajibu, "Kutembea." Yule askari alitutazama tulivyochafuka, akacheka hadi akashika tumbo.

Himo tulimkuta Wakesho amelala, ameelekea ukutani, mtoto ubavuni. Baba alisimama mlangoni, akageuka, akatoka. Nilidhani anaondoka. Kumbe amefuata sufuria garini. Alipiga funda la maji yale ya mvua, akalirusha juu ya mwanawe. "Iondoke," akasema. Basi, hilo tu.

"Baba, unanilowesha."

"Mimi nimelowa tangu Maktau."

Wakesho akageuka, akacheka huku analia, akaomba uji. Mtoto akinyea mkono haukatwi, na baba, mkaidi yule, ndiye aliyemshikia bakuli.

Siku hizi ni lami tupu. Unakunywa chai Voi, kabla hujaona kiu tena umefika Himo. Watu wakikosana wanatumiana simuni kijisura kinachotabasamu. Pengine kinasaidia, sijui, mimi siwezi kukitumia. Wanangu wawili hawasemezani tangu mwaka jana. Leo watakuja wote, kila mmoja akidhani mwenzake haji. Mvua imeanza. Sijawaandalia maneno. Nimeitoa ile sufuria nje, ikishajaa nitaiweka mlangoni, pale pa kukanyagwa.