Mwanahizaya wa Makorora

Huku Makorora watu hutukanana mchana, jioni wakaombana chumvi. Mtoto ukimwita hayawani, atacheka. Mwanahizaya ni neno jingine. Huambiwa aliyewaaibisha waliomzaa na waliomuoa, na likitamkwa mlangoni, hata mpita njia mwenye ndoo kichwani husimama. Mimi nimeitwa hivyo nikiwa kwenye eda.

Mume wangu Thuwaini alipokufa, dada yake, Ghanima, alinishika mikono mbele ya waombolezaji. "Kaa eda yako, wifi. Chakula juu yetu." Ndivyo ilivyo kwetu: mjane hatoki, upande wa mume humlisha. Ikiisha eda, mawifi humwogesha, humvisha kanga mpya, wakatoka naye nje. Hapo watu hujua alikaa kwa heshima. Hilo tu ndilo nililolitaka.

Mwanzoni Ghanima alileta mchele kutoka Pangani. Kisha akaleta salamu. Kisha hata salamu zikakatika. Nilikula muhogo wa jirani yangu, Mama Uweso, hadi nikaona haya kumsikia akipiga hodi. Asubuhi moja nikajifunika gubigubi, nikatoa jiko barazani, nikapika vitumbua vya kuuza. Sikushuka hata ngazi.

Mchele haukujua njia, ila habari ilifika Pangani upesi. Ghanima akaja.

"Mwanahizaya! Kaburi la kaka yangu bichi, wewe unajianika barazani?"

"Nina njaa, wifi."

"Wajane wangapi wana njaa na wamekaa ndani?"

Mama Uweso akatokeza kichwa dirishani. "Bi Ghanima, karibu. Mchele umeuacha kwenye gari?"

Wanawake wakacheka. Ghanima hakucheka. "Eda ameivunja mwenyewe. Atakayemwogesha si mimi."

Na hakuja. Siku ilipotimia niliketi nimevaa, nikisikiliza kila gari linalopunguza mwendo. Alasiri Mama Uweso akaingia na maji ya uvuguvugu na kanga yake mwenyewe, iliyokwisha kufuliwa mara nyingi. Aliniogesha vizuri. Lakini yeye si wifi, na waliokuwa nje walimjua.

Sasa kukiwa na harusi naitwa jikoni. Kumvisha bibi harusi huitwa mwingine, eti nisimtie mkosi. Ghanima hukaa mkekani na wakubwa, na mimi ndiye ninayempakulia pilau. Husema ahsante, bila kuinua macho.