Mama wa Skuta

Harufu ya kabuti lililonyeshewa mvua hunirudisha Nyeri hata leo, nikiwa bibi mwenye wajukuu. Kabuti lenyewe lilikuwa la Kariuki, kaka yake mama yangu, aliyekuwa akinunua mbuzi kule Doldol na kuja kuwauza mjini kwetu. Lilinuka mbuzi, moshi na baridi ya mlimani, na sisi watoto tulilipenda kuliko blanketi.

Niwaeleze jambo moja mapema, msije mkapotea. Baba alikuwa polisi, Mragoli kutoka Magharibi ya Kenya. Kwao mama ni mama, kama kwa Kiswahili. Mama yangu alikuwa Mkikuyu, na kwa Kikuyu mama ni ndugu wa kiume wa mzazi wako wa kike, yaani mjomba. Basi Kariuki, na ndevu zake na sauti yake ya mnadani, tulimwita Mama. Baba naye aliniita mimi mama, kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Hata padre wetu Mwitaliano alipojikwaa kwenye ngazi za kanisa alimtaja mama, tukaona kumbe neno hili lina kwao kila mahali. Mtu akiita "Mama!" pale kwenye laini za polisi, nyumba za askari tulikoishi, nyumba nzima iligeuka, na mama yangu akacheka mpaka akashika mbavu.

Miaka michache baada ya uhuru mama yangu aliugua, akafa. Nilikuwa na miaka minane, ndugu yangu Kisia mitatu. Kila jioni Kisia alilia, "Mama! Mama!" na Kariuki akamnyanyua, akamfunika kwa kabuti.

"Si wewe anaita," nilimwambia siku moja kwa hasira.

"Najua," akasema. "Lakini ni mimi niko."

Haukupita muda, baba akapata uhamisho wa kwenda Magharibi. Alikuwa askari asiye na mke; mtoto mdogo hivyo angelelewa na nani? Niliwasikia wakiongea jikoni.

"Shemeji, mimi niko na nyumba pale Skuta, niko na mbuzi ya maziwa," Kariuki alisema. "Niachie huyu kijana. Dada yangu ameenda, na mimi sina mtu."

Baba akakubali. Mimi ningeenda naye, Kisia angebaki. Hakuna aliyeniuliza. Mama yangu alizoea kusema watoto wa tumbo moja hugawana hata punje ya mahindi, na sasa sisi ndio tuliokuwa tukigawanywa.

Asubuhi ya safari lori lilikuwa likinguruma nje. Kwa Wakikuyu mtoto haondoki hivi hivi bila baraka ya mjomba: humtemea mate kidogo kifuani, apate heri aendako. Kariuki, Kisia akiwa mkononi mwake, aliinama akafungua vifungo vya sweta yangu. Ndani, imebanwa kwenye ngozi, akakuta fulana ya Kisia. Nilikuwa nimeificha ili niwe nayo usiku, huko nisikokujua.

Aliitazama kwa muda. Akanitemea mate juu ya fulana ile ile, akafunga vifungo kimoja kimoja. Kisha akampandisha Kisia kwenye lori, akamweka mapajani mwangu.

"Shemeji, si tulipatana?" baba aliuliza.

"Enda na watoto yako," Kariuki akajibu, akatupa mgongo. Hakutupungia mkono.

Nilifurahi, na bado nikaumia. Niliamini amemchoka Kisia. Niliamini hivyo miaka yote tuliyokaa Magharibi.

Tuliporudi Nyeri tulikuwa watu wazima, tumekuja kumzika Kariuki. Hakuwahi kuoa. Jirani yake, mwanamke mzee, alitufungulia chumba cha nyuma. Palikuwa na kitanda cha mbao, kifupi, cha kumtosha mtoto mdogo, na blanketi limekunjwa juu yake.

"Alitengeneza hii ya Kisia wiki ile mlikuwa mnahama," alisema. "Kila Krismasi alikuwa anaanika hiyo blanketi kwa jua. Na hakuna mtu ashawahi lala hapo."

Husemwa uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Kariuki hakuzaa, lakini asubuhi ile ya lori, alipoiona fulana, aliujua, wake na wangu, akachagua kuubeba wake. Kisia, jitu refu kama baba, aliketi kwenye kitanda kile, magoti yakamfika kifuani, akalia.