Homa Ilipotoka, Magoti Yakabaki

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali ya Wajerumani mjini Morogoro, nilipewa visu vya kuchanjia nivichemshe. Nikavichemsha pamoja na mipini yake ya mbao, ikapasuka yote. Bwana Mganga, ndivyo tulivyomwita daktari, alichungulia sufuria akasema, "Supu nzuri." Nikajua tutaelewana.

Baadaye alinipandisha cheo, nikawa mchanjaji wa ndui. Dawa yenyewe, majimaji yaliyotolewa kwenye malengelenge ya ndama, ilikaa katika vichupa vyembamba, nasi tulivifunga kwa magome mabichi ya mgomba visipate joto njiani. Aliyetuongoza milimani ni Mzee Mkude, Mluguru aliyejua njia zote za huko na wenye nyumba zake. Baba yangu alikuwa Mnyamwezi, mpagazi aliyelowea Morogoro, na kwa kuwa makabila yetu hutaniana, mzee yule alikuwa mtani wangu. Tulitukanana tangu asubuhi mpaka jioni kwa raha zetu.

Masika moja kikaingia kidingapopo, ile homa inayovunja viungo. Sisi vijana tulilala juma moja tukainuka. Mzee Mkude naye homa ilimtoka, lakini mwezi wa pili ukapita bado anaamka magoti yamevimba, na mchana usingizi unamchukua hata akiwa anakula. Bwana Mganga akamtia kipimajoto kwapani, akakisoma.

"Homa hakuna. Umepona. Kesho kutwa tunapanda milimani. Asiyeweza aseme, nitafute mwingine."

"Naweza, Bwana," mzee akajibu. Kazi ile ndiyo iliyompa heshima kila kijiji. Tulipotoka nje akaniambia, "We Mnyamwezi, ukimwambia, sikusemeshi tena."

Basi nikatumia utani ili apate kupumzika. Bwana Mganga na askari wake walitangulia mbio, sisi wawili tukabaki nyuma. Kila kijiji nilipaza sauti, "Leteni kigoda, Mluguru wenu miguu kamwazima mbuzi." Watu wakatoka nje kucheka. Mzee akiketi hujibu, "Babu yake huyu alibeba mizigo ya watu mpaka shingo ikazama kifuani," nao wakazidi kusogea. Akishapumzika anawaonyesha kovu lake la chanjo, nami nachanja.

Siku ya tatu Bwana Mganga alirudi amekasirika. Kila alikofika, watu walipoona askari walikimbilia msituni. Akatukuta tumeketi barazani, na mstari wa watu umeizunguka nyumba.

"Kwa nini hapa watu wapo?"

Nilikuwa nimechoka kuficha. "Kwa sababu tunapumzika, Bwana. Mzee huyu hajapona. Homa imetoka, maumivu yamebaki."

Mzee alinikazia macho, na safari hii haukuwa utani. Bwana Mganga akachuchumaa, akayabonyeza magoti yake polepole.

"Tangu lini?"

"Tangu ile homa, Bwana. Asubuhi ndiyo mbaya," mzee akajibu.

Bwana Mganga akainuka. "Kesho Mkude atatangulia. Mimi nitafuata nyuma. Tukimaliza, akapumzike kwake mpaka apone. Nafasi yake isiguswe."

Tangu hapo wagonjwa wazee hatukuwauliza homa peke yake. Tuliwauliza wanainukaje kitandani, wanalalaje, ndoo ya maji wanaiweza. Wengine walichukua nusu mwaka kurudia hali yao, na hawakuwa wavivu. Niliwauliza hivyo chini ya mabwana wote waliofuata, na ninyi wauguzi vijana nawaomba muulize, hata kama foleni ni ndefu.

Sasa nimestaafu, na watu hupenda kujua siku gani ya kazi ilikuwa njema kuliko zote. Nawajibu hivi: tangu nilipomsema kwa Bwana Mganga, Mzee Mkude hakunisemesha safari yote iliyobaki, akaenda kwake bila kuniaga, nami niliumia sana. Mahindi yalipokwisha kuvunwa, asubuhi moja mtu akagonga mlango wangu mjini. Ni yeye, ameshuka mlima peke yake, hana hata fimbo. Shikamoo yangu hakuiitikia. Alinitazama juu mpaka chini, akaanza kunitukana mimi na ukoo wangu wote, hakubakiza mtu. Nilifurahi mpaka nikalia.