Alama za Watoto Arobaini na Mmoja

Saa tatu asubuhi laptop yangu ilisoma asilimia kumi na moja, na chini ya alama ya betri maneno yakasema imechomekwa lakini haichaji. Nilikuwa kwenye chumba cha walimu, Elburgon, na hadi saa kumi na moja jioni nilipaswa kuwa nimepakia kwenye tovuti ya mitihani alama za mradi wa kilimo wa Gredi ya Tisa. Baada ya saa hiyo tovuti ingefungwa.

Alama hizo hazikuwa mahali pengine popote. Muhula mzima nilikuwa nikizunguka kati ya magunia ya udongo yaliyopandwa sukuma wiki nyuma ya madarasa, laptop mkononi, nikiandika papo hapo: nani amepanda, nani amepalilia, nani mboga zake zimeungua na baridi akapanda tena. Magunia yenyewe yalikuwa yameshavunwa. Hakuna mtu angeweza kurudi kuyakagua.

Nilibadilisha soketi. Nikaazima chaja ya mwalimu wa hisabati, ambaye laptop yake ilikuwa ya aina moja na yangu. Bado haikuchaji, na sasa ilikuwa asilimia nane.

"Izime," akaniambia. "Chomoa chaja, finya kitufe cha kuwasha kwa nusu dakika, halafu uichomeke tena. Yangu ilipona hivyo."

Ningeweza kunakili faili kwanza. Flashi ilikuwa kwenye mkoba wangu, mkono ungeifikia. Lakini nilikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu hufanya la kwanza analoambiwa. Nilizima, nikafinya, nikahesabu hadi thelathini. Nilipochomeka na kuwasha, skrini ilibaki nyeusi. Nikajaribu tena, na tena.

Mwalimu mkuu alipita mlangoni wakati huohuo. "Madam, zile alama ziko sawa? Nakala iko?"

"Iko," nikasema.

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Labda ni kwa sababu mwanzoni mwa muhula alikuwa ametusihi sote tuweke nakala, na mimi nikatikisa kichwa pamoja na wengine.

Saa saba na nusu nilikuwa nimefika Nakuru kwa matatu, kwenye duka la fundi mmoja wa kike wa rika langu. Ni kijumba chembamba chenye meza moja, laptop zilizofunguliwa matumbo na harufu ya risasi ya kuchomea waya. Nilimweleza kila kitu, hata ule uongo. Alisikiliza huku akipima chaja yangu kwa kipima umeme.

"Chaja ni nzima," akasema. Akamulika tundu la chaji kwa tochi. "Hapa pia pako sawa." Kisha akaiweka laptop mezani na kuisukuma kwa kidole kimoja. Ikazunguka kama sahani. "Mwalimu, hii haikai sawa kwa meza. Umeona hivi tangu lini?"

Nikakumbuka kwamba kwa wiki kadhaa kifuniko kilikuwa kinakataa kufunga vizuri, na ile sehemu ya kuburuta kidole ilikuwa imeinuka. Nilikuwa nikiiwekea kamusi juu usiku ili iteremke.

Fundi aliacha kazi akanitazama. "Kamusi?"

"Ile kubwa."

"Betri imefura, siz. Ukiifinya hivyo inaweza kushika moto. Rudi nyuma kidogo."

Aliondoa skrubu moja baada ya nyingine, polepole mno. Kifuniko cha chini kilipotoka niliona betri imevimba kama mto mdogo. Aliing'oa kwa mikono miwili, akatoka nayo nje na kuilaza kwenye ndoo ya mchanga mkavu.

Aliporudi akachomeka chaja. "Sasa itatumia stima moja kwa moja. Lakini haina betri. Stima ikipotea, inazima hapo hapo. Kwa hivyo usifungue tovuti. Tunaanza na nini?"

"Nakala," nikasema.

Skrini ikawaka. Nilichomeka flashi, na kwa haraka nikafungua faili isiyo yenyewe. Nikaipata. Nikanakili, nikaifungua kutoka kwenye flashi, nikahesabu majina yote arobaini na moja hadi la mwisho. Nikachomoa. Kabla hata sijafungua tovuti, taa ya dukani ikafifia, ikazimika, na laptop yangu ikazima nayo. Mtaani jenereta zikaanza kunguruma.

Fundi akavuta laptop yake mwenyewe, iliyokuwa na chaji, akaiwasha na kuniunganishia mtandao wa simu yake. Saa tisa na dakika ishirini tovuti iliandika kwamba alama zimepokelewa. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikalia, na yeye akaendelea na kazi yake bila kuniuliza kitu.

Ningeweza kunyamaza. Hakuna mtu angejua. Lakini nilipotoka nje nilimpigia mwalimu mkuu nikamwambia: hakukuwa na nakala niliposema iko.

Aliuliza kwanza kuhusu alama. "Zimeingia?"

"Zimeingia."

"Asante kwa kuniambia. Lakini mwalimu, ungeniambia asubuhi, ningekupa gari la shule. Kesho utawaeleza wenzako vile umenieleza mimi."

Kesho yake nilieleza, nimesimama karibu na dirisha la chumba cha walimu, bila kuacha hata ile kamusi. Mwalimu wa hisabati aliinama akitazama viatu vyake. Baadaye alinifuata nje akaniomba msamaha kwa ushauri wake. Nikamwambia kosa lilikuwa langu, kisha tukarudi ndani pamoja, tukaifunga laptop yake na kuilaza mezani kuona kama inakaa sawa.