Kumi na Moja kwa Moja

Ni mimi niliyesema kumi na moja. Fundi alisema nane na nusu, nami nikamcheka, kwa sababu nilipata B ya fizikia kidato cha nne, na yeye alijifunzia kazi akiwa amelala chini ya lori.

Gari lilikuwa la mke wangu. Ndilo lililopeleka mayai yake Butere mara tatu kwa wiki, na ndilo lililotulisha, maana kazi yangu mimi ni kukaa nyumbani na kuwa na maoni. Likipakiwa trei hadi juu, lilikata pumzi kwenye mlima wetu. Nikamwambia naliwekea turbo.

"Turbo kule karibu na Lugari?" akauliza. "Wewe ambaye hata sokoni hufikangi?"

Nikamweleza kwamba hii si ule mji wa Turbo, ni turbo nyingine, kifaa cha kusukumia injini hewa kwa nguvu. Akanitazama kama anavyotazama yai viza.

"Ukiniulia gari, nitakuua." Alikuwa anakata sukuma wiki, na kisu hakikusimama.

Fundi alinieleza polepole. Injini hubana hewa na petroli hadi ujazo wake upungue mara kadhaa kabla ya kuwasha. Turbo ikiongeza hewa, lazima huko ndani kubana kupunguzwe, la sivyo petroli italipuka kabla ya wakati wake na kupiga pistoni kama nyundo.

"Niweke gasketi nene, mzee, nafasi ya ndani iongezeke. Nane na nusu kwa moja."

Mimi nikaona ni uoga. Kama kubana ndiyo nguvu, basi tubane zaidi! Nikaagiza kichwa cha injini kikwanguliwe na gasketi iwe nyembamba. Kumi na moja kwa moja.

"Hii itapasuka," akasema.

"Wewe funga."

Akafunga, akikaza kila nati kana kwamba ni shingo yangu.

Jumamosi asubuhi akaliendesha yeye, bila boneti, kwa sababu turbo haikuenea chini yake. Mimi nilibaki langoni, ambako ndiko mwisho wa safari zangu. Lilipanda mlima likinguruma vizuri, hata nikapiga makofi. Halafu nikasikia kama kokoto zinatikiswa ndani ya mkebe. Fundi akapunguza. Nikampungia mkono: kanyaga! Akakanyaga.

Mlipuko ulirusha kuku wa mtaa mzima. Mkono wa pistoni ulitoboa ubavu wa injini ukatoka nje, kipande cha chuma kikavunja kioo na kumpasua fundi bega. Oili ikamwagikia turbo iliyokuwa nyekundu kwa joto, moto ukaruka. Akajitupa nje, damu imemfika kiunoni. Nilipomkaribia alinipiga ngumi ya mdomo kwa ule mkono mzima. Mke wangu akatokea nyuma na mwiko wa kusongea obusuma, ugali wetu, akashughulikia mgongo wangu huku analia, "Jumatatu nitabeba mayai na nini? Na hicho kichwa chako?"

Moto ulizimwa na jirani yetu, mama mmoja mjane, kwa karai la mchanga. Alipomaliza aliitazama injini, akalitazama bega la fundi, kisha akanigeukia mimi niliyekuwa nimekaa chini nikitema damu.

"Injini imekufa, fundi amepasuka, na huyu mjinga ndiye amebaki," akasema. "Mungu naye anachaguanga vibaya."