Ukingoni mwa Kiti

Shangazi yangu hakununua vitabu vyake ili avisome. Alivinunua kwa sababu vilikuwa vizito.

Yeye ni dada mkubwa wa baba yangu, fundi wa makochi, na ukigundisha mbao za kochi lazima uzikandamize mpaka gundi ishike. Mafundi wengine hutumia matofali. Shangazi hakuyapenda, alisema yanaacha vumbi jekundu kwenye kitambaa cha watu. Basi siku moja akamwendea muuza vitabu vikuukuu wa pale kona, akamwambia anataka vile vinene kuliko vyote, habari za ndani hazimhusu. Muuzaji akamfungia furushi la maisha ya watu wakubwa: majenerali, mahakimu, madaktari, matajiri wa reli. Inaelekea mtu akiwa mkubwa na kitabu chake hunenepa.

Gundi haina haraka ya kukauka, na Shangazi hawezi kukaa bure. Alifungua kimoja kwa kuvuta muda, akanogewa, na tangu hapo haikupita siku bila kusoma. Hadithi za kubuni hakuzitaka. Alisema uongo anaoambiwa na wateja unamtosha. Alimtaka mtu aliyeishi kweli, akakosea kweli, akafa kweli, ili aone njia aliipotezea wapi. "Huyu hakuujua mwisho wake," alikuwa akiniambia, misumari imejaa kwenye pembe ya mdomo. "Mimi naujua, nimeshaona ukurasa wa nyuma. Sasa jiulize nani anausoma wa kwako wakati huu." Maneno ya namna hiyo aliyasema mchana kweupe, huku anapima kitambaa, na mimi nikabaki kutazama mlangoni.

Alikuwa na namna yake ya kusoma. Hakuanzia mwanzo. Alianzia mwisho kabisa, kwenye faharasa, ile orodha ya majina na kurasa yanapopatikana, na humo alimtafuta mke. Mke wa jenerali, kwa mfano: kuolewa kwake, ukurasa wa arobaini, kuugua kwake, wa mia tatu, kufa kwake, ukurasa uleule. Katikati hapana kitu. Shangazi aliniita nione, kidole chake kilichokomaa kwa sindano kikiwa juu ya hiyo nafasi tupu. Aliniuliza huyu mama alikuwa wapi miaka yote hiyo, kisha akajijibu mwenyewe kwamba alikuwa humohumo ndani ya nyumba. Kitabu kama hicho alikisoma chote, lakini alikisoma kama mtu anayepekua nyumba aliyopotelea ndugu yake.

Si kwamba aliwachukia wanaume. Kulikuwa na kitabu kimoja cha mjenzi wa madaraja ambamo mke alitokea karibu kila ukurasa, na mara nyingi wanagombana: wamegombania michoro, wamegombania ada za watoto, wamegombania paka. Hicho Shangazi alikiita kitabu cha mapenzi na hakukitumia kukandamizia kitu. Hata yeye na marehemu mume wake walikuwa wakigombana mpaka majirani wanapunguza redio ili wasikie vizuri. Mumewe alipofariki, Shangazi alisema nyumba imekuwa na adabu mno, haikaliki.

Mimi kazi yangu ni kuuza katika duka la dawa, na ndiko alikonikuta mchumba wangu, yule ambaye nyumbani tulimpa jina la Mpole. Alikuwa meneja wa ghala, shati limenyooka, sauti ya chini. Baba alimpenda kabla hajamaliza kikombe cha kwanza cha chai. Alisema mtu asiyepandisha sauti ana Mungu ndani yake. Shangazi akasema kimya kingi kina mshindo mkubwa, na baba akacheka, akamwomba dada yake ahangaike na misumari yake. Mpole alikuwa ameshaoa kabla yangu. Mke aliondoka, hakuwa na shukrani. Zaidi ya hapo hakusema, nasi kwa upole wake tuliona haya kumchimba.

Kila jioni nikitoka kazini nilipitia karakana na kumhadithia Shangazi. Mpole kasema hivi, Mpole hapendi vile, Mpole kazungumza na mwajiri wangu nibadilishiwe zamu. Jioni moja alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza mchana nilikula nini. Ikanibidi nifikiri. Nilikula alichoagiza Mpole. Akaniuliza yule shoga yangu mwenye kicheko cha filimbi kapotelea wapi. Nikasema Mpole anamwona hana staha. Shangazi akainamia kazi yake.

"Umenisomea sura nzima," alisema, "na wewe hukutokea hata mara moja."

Nilicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa cha chinichini. Nilikuwa nimeshazoea. Kila nilipocheka kwa sauti Mpole aliniwekea vidole viwili juu ya kifundo cha mkono. Hafinyi, anaviweka tu, kisha anasema, "Sauti, mpenzi."

Harusi ilipokaribia, Mpole alileta makochi yake kwa Shangazi. Alisema ni heshima, kazi nzuri ibaki ndani ya familia. Lilikuwa kochi refu moja na viti viwili vya mikono vilivyokuwa vikikaa mbele ya televisheni, cha bwana na cha bibi. Alitaka kitambaa kipya na sponji mpya kote, kisibaki kitu cha zamani. Shangazi alimpokea kwa heshima zote, akamtania kwamba makochi hayo yamesafiri vizuri kuliko wageni wengine.

Kesho yake aliniita. Alikuwa ameshavivua vile viti viwili mpaka mbao, na sponji zake amezilaza mezani bega kwa bega, vitambaa vya zamani chini yake. Cha bwana kilikuwa kimezama katikati, mgongo umechakaa, na mikononi kitambaa kimelika kwa viwiko. Ni kiti cha mtu aliyekuwa akirudi nyumbani na kujimwaga. Cha pili mgongo wake ulikuwa kama ulivyotoka dukani, manyoya ya kitambaa yamesimama yote. Mikono haina alama. Katikati sponji imejaa. Ukingo wa mbele tu, upana wa kiganja, ndio uliokuwa umekandamizwa miaka na miaka mpaka ukawa mgumu kama ubao.

Shangazi alinisogezea taa.

"Soma."

Nilisoma, na nilichokisoma sikukitaka. Nikasema labda yule mke wa kwanza alikuwa mwanamke mwembamba. Shangazi akasema wembamba nao huegemea. Nikasema labda hakuwa mtu wa televisheni, alikuwa anakaa kidogo na kwenda zake. Akapitisha kiganja juu ya ule ukingo, polepole, kama anayepapasa paji la mgonjwa. Alisema ukingo hauwi hivi kwa kukaa kidogo.

"Hajaegemea hata siku moja, mwanangu. Ndani ya nyumba yake."

Hapo nikamtolea uvivu. Nilimwambia vitabu vimemharibu, anawasaka wake za watu kwenye makaratasi na sasa amehamia kwenye sponji. Nilimwambia anaona mabaya kila mahali kwa kuwa yeye mwenyewe hana tena wa kugombana naye. Neno hilo lilimfika, nililiona likifika. Alichukua brashi akaanza kukoroga gundi, na mimi nikatoka nikiwa na hasira za mtu aliyeguswa kidonda. Kadi zilikuwa zimeshagawiwa, gauni limeshakatwa, baba ameshawaambia wenzake wote kazini. Wanasema sikio la kufa halisikii dawa, na mimi dawa ndiyo ninayouza.

Makochi yalirudishwa siku ya Jumamosi. Mchana huo Mpole aliniita nyumbani kwake niyaone, na kusema kweli yalikuwa yamependeza: kitambaa cha kijani kibichi, mishono imenyooka kama mstari wa rula. Mpole aliyazunguka, akapitisha kidole kwenye mishono akitafuta kosa, asilione. Akakaa kwenye kiti chake na kuegemea. Kisha akaninyooshea mkono kile cha pili.

Nilikaa katikati. Angalau ndivyo nilivyokusudia. Lakini chini ya kile kitambaa kipya kulikuwa na kitu kilichokuwa kikinivuta taratibu kwenda mbele, na mara nikajikuta niko ukingoni. Nikajisogeza nyuma. Nikateleza tena. Mara ya tatu niliacha, maana Mpole alikuwa ameanza kunitazama. Nikajituliza pale mbele, magoti pamoja, mgongo wangu haugusi kitu.

Pale ukingoni niliona vizuri sana. Mlango wa jikoni kushoto, mlango wa nje mbele yangu, na uso wa Mpole ubavuni, naupata bila kugeuza shingo. Hata pumzi yake niliisikia. Nilielewa kwamba mtu akaaye nyuma katika kiti hiki asingeyaona yote haya kwa wakati.

Mpole akatabasamu. "Umekaa vizuri," alisema. "Hapohapo."

Tulitazama taarifa ya habari. Halafu aliomba maji. Nasema aliomba, lakini neno lenyewe lilikuwa bado mdomoni mwake na mimi nimeshasimama, mguu mmoja umeelekea jikoni. Hakuna aliyenifundisha. Jikoni vikombe vilikuwa vimepangwa kwa urefu, vishikio vyote vimetazama upande mmoja. Nilichukua kimoja, na kabla ya kufungua bomba nikaona mkono wangu unavisogeza vilivyobaki ili pengo lisionekane. Niliutazama mkono ule kama si wangu. Niliogopa, sikumbuki kuogopa hivyo tangu utotoni.

Nilimpa maji, nikasema nimeitwa kujaribu gauni.

"Nani kakuita?" aliuliza. "Simu yako haijalia."

Nikasema tulipanga jana. Akasema sikumwambia. Alivitua vile vidole viwili juu ya kifundo changu, akaviacha hapo kidogo, akasema basi atanipeleka. Nikasema ni karibu tu, apumzike, na nikatabasamu, na tabasamu hilo lilikuja lenyewe kama nilivyokuja mimi na maji. Nilitembea mpaka kona ya barabara bila kukimbia. Baada ya kona nilikimbia.

Shangazi alikuwa kwenye kigoda akipiga misumari kochi la mteja. Sikumwamkia.

"Hukubadilisha sponji."

"Ya kwake nilibadilisha." Aliendelea kupiga. "Ya kwako nilikubadilishia kitambaa tu. Ningekwambia kwa mdomo ungebisha, na ulishabisha. Ulikaa?"

"Nilikaa."

"Na kusimama? Ulisimama ulipotaka mwenyewe, au ulipoitwa?"

Nilitaka kumdanganya. Nikakumbuka vile vikombe.

"Nilisimama kabla hajamaliza kuita."

Nyundo ikabaki juu. Tangu nizaliwe sijapata kuiona mikono ya Shangazi ikisimama katikati ya kazi. Aliitua nyundo chini, akapangusa kiti kirefu alichokuwa amekimaliza asubuhi, akaniambia nikae. Hakusema "nilikwambia". Alisema baba atapiga kelele, na tumwache apige, kelele za baba yangu hazijawahi kumdhuru mtu. Kuhusu kadi, alisema watu wataulizana juma moja kisha watapata habari nyingine. Alisema sauti yangu itarudi, ila isije ikanishtua ikirudi. Nikaanza kulia, na nililia kwa sauti, na hakuna aliyenigusa mkono.

Gari likasimama nje.

Sikuhitaji kuchungulia. Muungurumo wake niliujua. Mlango wa gari haukufunguliwa, wala hakuna aliyeita. Ikalia honi moja tu, fupi, ya adabu.

Na miguu yangu, bila kuniuliza, ikaanza kuinuka. Nilikuwa nimeshafika ukingoni mwa kochi, visigino vimeshanyanyuka, nilipousikia mkono wa Shangazi begani. Ulikuwa mzito na unanuka gundi. Ulinirudisha chini.

"Kaa," alisema. "Kaa mpaka mgongo uguse."

Kisha akaenda mlangoni, akatia komeo, na komeo hakuliamini. Akaanza kukokota vitabu, rundo kwa rundo, majenerali na mahakimu na matajiri wa reli, akavipanga nyuma ya mlango mpaka vikamfika kiunoni. Kile cha mjenzi wa madaraja hakukiweka huko. Alikuja akanipakatisha mimi.

Nje injini ilikuwa bado inaunguruma. Honi ikalia tena, fupi vilevile. Nikajivuta nyuma, kidogo kidogo, mpaka mgongo ukagusa.