Nafasi Moja ya Muokaji Mikate

Siku niliyokwenda kuomba mfanyakazi nilipanga mstari usio wangu. Ofisi ya kazi hapa Uvira ina milango miwili. Mmoja ni wa wanaotafuta kazi, una benchi refu na watu mpaka nje kwenye vumbi. Mwingine ni wa wanaotafuta wafanyakazi, una kiti kimoja cha plastiki, na siku ile kilikuwa kitupu. Mimi nilipoona watu nikasimama nyuma yao. Ndivyo tulivyozoea, tunafuata mahali watu walipo tukidhani kuna kitu kinatolewa. Hakuna aliyeniuliza neno. Mama wa miaka hamsini na kitu, kavaa nguo nyeusi za kilio, nani angefikiri kwamba amekuja kuajiri?

Mbele yangu mwanamke mmoja alikuwa akinakili matangazo kutoka kwenye ubao uliofungwa kwa waya. Aliandika kwenye daftari la shule, kwa haraka, mlinzi, dereva, mhasibu. Akageuka akaniambia, "Mama, ya leo yote inaomba diplome." Nikamshukuru. Sikuwa na nguvu ya kumweleza. Mwezi mzima nilikuwa hivyo. Mtu akisema jambo nilimjibu neno linalofaa, lakini sikuhisi kitu. Hata njaa sikuisikia, nilikula kwa sababu sahani ilikuwa mbele yangu.

Mume wangu alikuwa amekufa. Ilikuwa tension, presha ya damu. Alianguka asubuhi kando ya beseni la unga, na walipomlaza mikono yake ilikuwa bado nyeupe mpaka viwikoni. Watu walilia sana. Mimi niliwaangalia wakilia. Mawifi zangu walinisema kwa hilo, na nadhani walikuwa na haki, ila nilitamani tu wanyamaze waende kwao.

Tanuri letu liko mtaa wa Rugenge, nyuma ya nyumba. Tulilijenga wawili mwaka uleule tuliooana, yeye akipanga matofali na mimi nikikanyaga udongo. Baada ya hapo kila mtu alishika upande wake. Unga kutoka mpakani, maneno na wachuuzi, ugomvi na watu wa kodi, hiyo ilikuwa kazi yangu. Kukanda na kuoka ilikuwa yake. Watu hawaamini nikiwaambia kwamba sijui kuoka mkate. Sijui. Nilijaribu wiki ya pili baada ya mazishi, nikatoa vitu ambavyo hata kuku wa jirani walivizunguka bila kuvigusa. Akina mama wanaobeba mikate kichwani wakaanza kwenda kwenye matanuri mengine, mmoja mmoja, wakiniomba radhi. Nilihitaji mtu wa kuliwasha lile tanuri. Bila hivyo lingekuwa rundo la matofali, na mimi ningekuwa mjane na basi.

Dada yangu ndiye aliyenielekeza. Alisema ile ofisi inakutafutia mtu, na asipokufaa unamrudisha wanakupa mwingine. "Kama viatu," nikamwambia. Hakucheka, na mimi sikucheka.

Nilipofika mezani baada ya karibu saa mbili, nilimkuta karani, papa mmoja mzee, miwani yake imefungwa kwa uzi. Akaomba kadi yangu ya uchaguzi. Akauliza nilisoma mpaka darasa gani. Nikamjibu, la sita.

"Na unatafuta kazi gani, mama?"

"Minye sitafute kazi, papa. Minye niko natafuta muntu wa kazi."

Nyuma yangu watu wakaangua kicheko. Papa akaweka kalamu chini. Akaniambia nitoke nje, nipite mlango wa pili. Nikatoka, nikapita, nikakuta ni chumba kilekile na meza ileile, naye amegeuza tu kiti chake upande wa pili. Akanikaribisha upya kana kwamba hatujaonana.

Fomu ya waajiri ni fupi kuliko ile nyingine. Aina ya kazi, mahali, sababu ya nafasi kuwa wazi.

"Mwenye alikuwa anaifanya alikufa," nikasema.

Akaandika neno moja la Kifaransa, remplacement. Nalijua neno hilo, ndilo wanalotumia wachezaji wa mpira mmoja anapotoka mwingine akaingia. Nikalisoma, sikuhisi kitu.

Chini kabisa kulikuwa na swali la kazi zinazotakiwa kufanywa, na mistari miwili ya kujibia.

"Alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa anapika mikate."

"Na nini tena?"

Nikafikiri. Miaka ishirini na zaidi nimelala ubavuni pa mtu huyo, na kichwani hakikuja kitu. "Basi," nikasema. "Mikate." Mstari wa pili ukabaki mtupu.

Papa akavuta sanduku la mbao lililojaa kadi za wanaotafuta kazi, zimepangwa kwa ufundi wao. Waokaji walikuwa wachache. Akapitisha kidole, akasimama, uso ukamchangamka.

"Weye uko na bahati, mama. Iko mumoja, na iko hapohapo Rugenge. Miaka makumi mbili ya kazi. Kila miezi sita anakujaka kupigisha kadi yake kashe, muhuri ya ofisi, hakosake. Huyu ni muntu wa kweli."

Akanigeuzia kadi. Kwenye picha kulikuwa na mtu aliyevaa shati jeupe. Shati nililitambua kabla ya uso.

Lilikuwa shati lake la Jumapili. Mara mbili kwa mwaka alilivaa siku ya kazi, mikate ikishatoka, akasema, "Naenda kuona mambo ya makaratasi." Nilidhani ni makaratasi ya kodi. Nilifurahi hata, kwamba kwa mara moja ananipunguzia watu wale. Na shati lile ni mimi niliyempigia pasi.

Nikasoma kadi taratibu. Mwandiko ulikuwa wake, herufi zimelala. Penye kazi ya sasa aliandika, hakuna.

Hapo nikahisi kitu, cha kwanza tangu tumzike, nacho kilikuwa hasira. Hakuna! Mtu aliyenuka moshi mpaka kwenye mto wa kulalia! Na mimi niliyehangaika mpakani na magunia, nilikuwa nahangaikia nini, hakuna? Angekuwa hai ningemgombeza mpaka majirani waje kuamua.

"Unamujua?" papa akauliza.

"Ni bwana yangu. Ndiye mwenye kufa."

Akavua miwani. Akaangalia sanduku, halafu akasema, "Pole, mama. Sikujua."

"Juu ya nini aliandika hakuna? Kazi alikuwa nayo."

"Bote banaandikaka hivyo. Mwenye iko na kazi hatumuandikake hapa. Ni sheria."

Sijui kama hiyo ni sheria kweli au alinionea huruma. Sijarudi kuuliza. Akanionyesha kwa ncha ya kalamu swali lililofuata, kama mwombaji yuko tayari kuhamia mbali kwa ajili ya kazi. Mume wangu alikuwa ameandika hapana, akapiga mstari chini yake, kisha mstari wa pili.

"Tulimuita mara mbili," papa akasema. "Mara ya kwanza batu ba Bukavu. Ya pili ilikuwa kantini moja kule Lemera. Akakataa yote. Nikamuuliza, papa, sasa unakujaka hapa juu ya nini? Akacheka tu."

Kicheko hicho nimekibeba mpaka leo. Huenda alichoka na moshi, akataka kazi ya kupokea mshahara na kupumzika Jumapili, lakini hapahapa karibu. Huenda alitaka kuondoka na miguu ikakataa. Au alipenda tu kukaa kwenye benchi lile akiwa amevaa shati safi, na mtu mwenye miwani amuulize anajua kufanya nini. Mimi sikuwahi kumuuliza. Niliona mikate imetoka, nikaihesabu, nikaigawa.

Papa alinipa kadi iliyofuata, ya mama mmoja aliyeshuka kutoka upande wa Rurambo, aliyewahi kuoka kwenye shule ya bweni. Alikuja wiki iliyofuata na yuko nami hadi sasa. Anaongea kupita kiasi. Mikate yake ni mirefu kuliko ile ya zamani, na wateja wanaisifu mbele yangu bila aibu. Sijawasamehe. Lakini tanuri linawaka, na wale akina mama wamerudi, wote isipokuwa wawili.

Ila siku ile sikuondoka mara moja. Nilikuwa nimeshasimama papa aliponiambia kwamba kadi ya mume wangu haiwezi kubaki sandukuni, na kuitoa kunahitaji sababu. Akavuta karatasi ndogo. Ilikuwa na visanduku viwili, kimoja kimeandikwa amepata kazi, kingine amejiondoa mwenyewe.

"Ya kufa haiko?"

"Haiko, mama. Tuliomba waongeze, hawajaleta."

Akaishika kalamu juu ya kile cha pili. Nikaweka mkono wangu juu ya karatasi.

"Hapana, papa. Hakujitoa. Andika amepata kazi."

"Hiyo inaomba patron, mwenye kutoa kazi, atie sinyatire yake."

"Patron ni minye."

Akaniangalia. Nilidhani atanifukuza. Papa akatia alama kwenye kisanduku cha kwanza, akanisogezea karatasi na kalamu, akaenda kusimama dirishani.

Nikaandika jina la mume wangu. Penye mwajiri nikaandika langu. Penye tarehe ya kuanza nikaandika mwaka tuliojenga tanuri. Halafu nikafika kwenye swali kama lile la fomu yangu, kazi zinazofanywa, na mistari yake miwili.

Nikaandika anapika mikate. Nikaandika anafunika unga uliokandwa kwa blanketi letu wenyewe siku za mvua. Anapasua kuni za mikaratusi, hataki za mwembe, anasema zinafanya mkate unuke. Anajua moto kwa kutia mkono mlangoni na kuhesabu kimoyomoyo. Anamwekea yule mama mchuuzi wa beseni la bluu mikate ya pembeni, kwa kuwa wateja wake wanapenda iliyoungua kidogo. Anaimba vibaya. Mkate wa kwanza hauzi, anauweka dirishani ukiwa umefunikwa kitambaa, kwa ajili ya mkewe, kwa kuwa mkewe anachelewa kuamka na akiamka ana njaa.

Hapo herufi zikaanza kupotea machoni, na nikasikia mtu analia kwa sauti, na mtu huyo alikuwa mimi.

"Mama," papa akasema taratibu kutoka dirishani, "mistari iliisha."

Nikageuza karatasi, nikaendelea upande wa pili.